Posa kwa Betri na Mkasi

Elamine alikuja kwa shangazi Hadidja kununua kofia, akakaa mpaka kahawa ikaisha, na kesho yake akarudi akasema kofia inambana. Haikumbana. Kichwa chake nilikipima mwenyewe kwa uzi, na kichwa cha mtu mzima hakikui usiku mmoja, hata kama mwenyewe ni mwalimu wa chuo. Nikafumua mshono mmoja mbele ya macho yake, nikaushona tena palepale, nikamrudishia.

"Sasa?"

"Sasa imekaa," akasema.

Shangazi alikuwa ndani, amejiziba mdomo kwa leso ili asisikike akicheka. Alisikika mpaka msikitini.

Tulianzia hapo, barazani, mtaa wa Badjanani, Moroni. Mimi ni mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani. Shule yangu iliishia msingi, baada ya hapo nikashika sindano, na shangazi akanichukua kwake kisiwani Ngazidja kwa sababu huko ndiko kofia zinakonunuliwa. Elamine alikuwa mtu wa Mvouni, kule juu, ambako wana baridi kidogo na wanaringa nayo kama wameinunua. Alisoma Ufaransa, akarudi kufundisha. Begi lake la nguo lilipotelea njiani. La betri lilifika.

"Betri?" shangazi aliuliza. "Wenzako wakitoka Ufaransa wanaleta friji."

"Friji inahitaji umeme, shangazi. Mimi nimeleta mahali pa kuuweka."

Akatoa kikebe mfukoni, akakifungua polepole. Ndani mlikuwa na kipande cha kitu fulani, chepesi, kinaonyesha upande wa pili, kama ile ngozi iliyo ndani ya ganda la yai. Shangazi akasogeza uso, naye akakifunga upesi asije akakipumulia. Unyevu wa pumzi tu, alisema, unakiharibu.

"Betri ya simu ina pande mbili," akaanza, na nikajua hatuondoki leo. "Katikati kuna majimaji. Lithiamu inaogelea humo, inakwenda upande huu, inarudi upande ule. Lakini majimaji hayo yakipata cheche yanawaka kama petroli. Mimi nayatoa. Badala yake naweka utando huu. Ni plastiki kavu, iliyochanganywa na chumvi ya lithiamu. Hauvuji wala haulipuki."

"Na mbona mwembamba hivyo?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ndani ya kitu kikavu lithiamu inajikokota, kama mtu aliye kwenye matope. Ukimfupishia njia, anafika. Lakini ukiifupisha mno, lithiamu inaota miiba, mwiba unatoboa utando, pande mbili zinagusana, na betri imekwisha."

"Kwa hiyo miaka yote ile Ufaransa ulikuwa unatafuta unene wa ngozi ya yai."

"Wembamba," akanisahihisha, uso mkavu kabisa.

Nikainamia kofia yangu. Wanaume niliowajua ukiwatania wanapandisha sauti au wanakwenda zao. Huyu alitaka tu nipate neno lililo sawa. Nikasema moyoni, huyu nitaolewa naye, ila tusimwambie mapema, atavimba.

Sasa, mambo ya nchi. Mwaka ule visiwa vyetu vilikuwa vitatu na marais wanne, kila kisiwa na wake, na mmoja wa juu yao wote. Ukitafuta mafuta ya taa hupati, ukitafuta rais unajikwaa kwake. Wakubwa wa Nzuani wakagombana na wakubwa wa Moroni. Moroni ikafunga njia, meli zisitie nanga kwetu, na wakubwa wa Nzuani wakajibu kwamba vizuri, sisi ni nchi peke yetu, na tena tulikuwa tunafikiria kuwafungia ninyi. Kule Moroni wanawake ambao nilizoea kununua kwao nyanya wakaanza kuniuliza kama mtu wa nchi nyingine anaruhusiwa kula nyanya zao.

Mama yangu, Saoudat, akatuma salamu: rudi kabla njia haijazibika kabisa. Elamine akanisindikiza bandarini, akasema, "Nitakuja kuposa."

"Utapita wapi?"

"Nitapata pa kupita."

Nilipofika Mutsamudu nikamkuta mjomba Mouhidine amepanda cheo. Zamani alikuwa karani bandarini. Bandari ilipokosa meli, alikosa cha kuandika, akajiteua kamanda wa kichochoro chetu. Alikuwa na koti la kijeshi la mtu mnene kuliko yeye, na filimbi. Mchana alichaji simu za watu kwa betri za malori na kioo cha jua alichokipandisha juu ya paa la mama yangu. Nasema la mama yangu kwa sababu kwetu nyumba ni ya mwanamke, anaipata kwa mama yake na atampa binti yake, na mwanamume huja na begi lake na huweza kuondoka na begi lake. Mjomba alikuwa ameshaondoka na begi lake kwa wake wawili. Akaja kulala kwa dada yake, juu ya mkeka, chumba cha mbele, na kutoka kwenye mkeka ule akatuamrisha sote.

Hata hivyo alikuwa kaka wa mama. Baba yangu alishafariki, na bila neno la mjomba hakuna posa inayopokewa. Nilijua hivyo, mama alijua hivyo, na mjomba alijua kutushinda sote.

Elamine alifika asubuhi moja, kwa boti ya magendo iliyopitia kisiwa cha tatu, Mwali. Alikuwa ameloa mpaka masikio, kifuani amekumbatia kopo la maziwa lililozibwa kwa nta ya mshumaa na kufungwa kwa utepe mzunguko juu ya mzunguko. Vichochoro vyetu ni vyembamba, watu wawili hawapishani mpaka mmoja awe na adabu. Mjomba akasimama katikati, akapuliza filimbi. Mimi nilikuwa dirishani juu yao, sindano mkononi.

Elamine akamwamkia kwa heshima zote kama mtu aliyelelewa. "Kwezi, mjomba."

"Mjomba wa nani? Unatoka wapi?"

"Mvouni."

"Mvouni ipi?"

"Iko moja tu."

"Jibu la jasusi hilo. Umekuja kufanya nini?"

"Kuposa. Zaitoun."

"Katikati ya vita?"

"Vita havijaanza, mjomba."

"Vimeanza! Hii filimbi unadhani ni ya mpira?" Akaligusa lile kopo kwa ncha ya kidole. "Na hilo?"

"Betri."

"Betri kwenye kopo la maziwa. Na bomu tutalikuta kwenye kopo la sardini. Sikiliza, kijana. Mume hukaa nyumbani kwa mke. Nyumba ya mke iko Mutsamudu. Mutsamudu si nchi yenu tena. Je, una viza ya kuoa?"

Elamine akafikiri. Ndiyo shida yake, ukimuuliza upuuzi anaufikiria. "Viza hiyo inatolewa wapi, mjomba?"

Mjomba hakuwa amefika huko. Akapuliza filimbi tena.

Mama ndiye aliyeshuka, leso yake ya shiromani begani, akamshika Elamine mkono na kumwingiza ndani akisema mtu aliyeloa hahojiwi, hukaushwa kwanza. Mjomba akafuata nyuma akipiga kelele. Mwisho wakakubaliana. Mgeni atalala msikitini. Kesho baada ya alasiri ataeleza hiyo betri yake mbele ya wazee wa nyumba, yaani mjomba. Ikiwa ni kitu cha heri, posa itasikilizwa. Ikiwa na hila yoyote, mjomba atampeleka mwenyewe kwa wanajeshi wa bandarini, na wale walikuwa hawajaona adui hata mmoja tangu waambiwe wana maadui, wana hamu naye.

"Kama ni mtu mzuri tutajua," mama akasema, "na kama ni bomu pia tutajua."

Kesho yake nikasimamia mhogo jikoni. Mchele ulikuwa umeadimika, tukala mhogo kwa nazi siku zote, hata Ijumaa. Mjomba aliamuru madirisha yafungwe, kwa sababu jambo la usalama wa taifa halitazamwi na majirani. Koko Zahira wa nyumba ya pili akaingia hivyo hivyo. Bibi yule amezaliwa kichochoroni na hakuna mlango uliowahi kumzuia.

Elamine akalifungua kopo. Akatoa kitu kama bahasha ya rangi ya fedha, chembamba, kipana kama kiganja, kina masikio mawili. Akayaunganisha na taa ndogo kama punje ya mahindi. Haikuwaka.

"Alhamdulillahi," mjomba akasema. "Twende bandarini."

"Inataka joto, mjomba. Utando huu ukipoa lithiamu haitembei."

Koko Zahira akaguna. "Ya Moroni hiyo. Lazima ibembelezwe kwanza."

Nikaleta sufuria ya mhogo, ikifuka, nikaiweka katikati ya chumba. Elamine akakunja kitambaa juu ya kifuniko, akailaza betri, akafunika kwa kitambaa kingine kama mtoto mwenye homa. Tukangoja. Mjomba alikuwa anapiga mguu chini. Kisha ile punje ya mahindi ikatia wekundu, ikasita, ikawaka nyeupe, na chumba kizima tukaonana nyuso.

"Taa," mjomba akasema. "Hata mimi nina taa."

"Nipatieni mkasi."

Nikampa mkasi wangu wa kukatia kitambaa. Akaishika ile bahasha, taa ikiwaka vilevile, akaikata kona. Krrp, kama unakata kadi ya harusi. Taa haikutetemeka. Akakata kona ya pili. Akachukua msumari, akaitoboa katikati, msumari ukatokea upande wa pili, na taa ikawaka tu, kama vile haijaambiwa kilichotokea. Hakukuwa na moshi wala harufu, isipokuwa ya nazi.

"Nilipoikata hewa imeingia," akasema, "kwa hiyo itakufa polepole. Lakini itakufa kitandani, haitaua mtu."

Mama akasema, "Mashaallah." Koko Zahira akaomba apewe akate yeye. Mimi nilimtazama mjomba, na nilichokiona hakikunipendeza. Alikuwa ameinamisha kidevu ndani ya koti lile kubwa. Laiti ingekuwa ni betri tu iliyofaulu, angekubali. Lakini machoni pake ni Moroni iliyofaulu, ndani ya Mutsamudu, katika chumba alicholala yeye.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo, mjomba."

"Kumbe kinachowashangaza ni kukata." Akauokota mkasi wangu, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa betri ya simu, moja ya zile alizochaji kutwa. Ilikuwa imevimba tumbo kama mtu wa harusini. "Na Nzuani hatuna betri? Hatuna mkasi?"

Elamine akaruka kutoka alipoketi. "Mjomba, tafadhali, hiyo ina yale majimaji—"

"Na wewe una majimaji kichwani."

"Imejaa chaji! Imevimba! Usiiguse!"

"Ya Moroni inakatika, ya Nzuani isikatike? Sisi ni nchi au si nchi?"

"Mouhidine," mama akasema.

Mjomba akakata.

Kwanza ilitoa mlio kama paka aliyekanyagwa. Kisha ukatoka moshi mweupe, halafu ulimi wa moto, na kitu kile kikaponyoka mkononi mwake, kikazunguka sakafuni kinapiga mluzi kuliko filimbi yake. Kikapita chini ya miguu ya koko, kikachoma pindo la pazia, kikaingia kwenye mkeka wa mjomba, kikatulia hapo kikila. Mjomba alikuwa anapiga koti lake kwa mikono miwili, kwa kuwa mkono mmoja wa koti ulikuwa unawaka. Elamine akamrukia, akambana, akauzima ule mkono wa koti kwa kifua chake mwenyewe. Mimi nikalivuta pazia chini, nikalikanyaga. Koko Zahira, Mungu amweke, akainyanyua sufuria yote, mhogo na nazi na betri na kitambaa, akaipindua juu ya ule moto.

Ikafanya fuuu.

Tulikohoa. Mama akafungua madirisha, na hapo ndipo moshi ulipotoka kwenda kuwaambia majirani. Kichochoro chote kikajaa mara moja. Nilisikia miguu, nikasikia marungu yanagonga ukuta, na sauti zinapokezana: mtu wa Moroni amelipua nyumba ya Saoudat! Mouhidine ameuawa! Mtoeni nje!

Elamine alikuwa amekaa sakafuni, shati limeungua kifuani, nyusi moja haipo. Hata angesema, nani angemsikiliza na lahaja ile ya Ngazidja? Watu wale wakimtoa nje atafika bandarini vipande, au asifike. Na mtu mmoja tu ndiye wangemwamini.

Mjomba alikuwa anatazama mlango. Nilimwona anapima. Akinyamaza, basi kesi imekwisha, yeye ni shujaa aliyenusurika bomu la Moroni, na mkasi hakuna atakayeuuliza. Nikasimama mbele yake.

"Mjomba, sema aliyekata."

"Mtoto hamwamrishi mjomba wake."

"Sikuamrishi. Nakuomba."

Akageuza uso. Mlango ukapigwa. Hapo mama akaja, amelikunja lile pazia lililoungua kwapani, na sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayotumia kufukuza kuku bila kuwashtua.

"Kaka. Nyumba hii ni ya nani?"

Mjomba akatazama mkeka wake ulioungua.

"Ni yangu, na baada yangu ni ya Zaitoun. Umeichoma na sisi tumo ndani. Huyu kijana unayemwita adui amekuzima kwa kifua chake. Basi nenda pale mlangoni, useme maneno utakayoyajua wewe, lakini wakimgusa, leo hii begi lako liko kichochoroni. Na safari hii hakuna dada mwingine."

Mjomba Mouhidine akavuta pumzi. Akafunga vifungo vya koti lenye mkono mmoja. Akafungua mlango, akasimama kizingitini, uso mweusi kwa masizi, moshi unamtoka begani kama mkate uliosahauliwa. Watu wakarudi nyuma.

"Tulieni!" akasema. "Hakuna aliyelipuliwa. Yamefanyika majaribio."

"Majaribio gani?" wakapokea.

"Ya kitaalamu. Tumeleta betri ya Moroni na betri ya Nzuani, tukazikata kwa mkasi mmoja, bila upendeleo." Akangoja wanyamaze kabisa. "Ya Moroni imekatwa, imetobolewa, imeshindwa! Hata moshi haikutoa! Ya kwetu nimeikata mara moja tu, kwa mkono wangu huu, mmesikia wenyewe mpaka huko mlikokuwa."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, mwingine akapokea, na kichochoro chote kikashangilia. Mmoja akauliza, na yule mtu wa Moroni je?

"Yule?" mjomba akasema. "Mtu amesoma Ufaransa miaka na miaka, na kitu chake hakiwezi kuchoma hata mkeka. Tumwogope kwa lipi? Nendeni mkaswali, magharibi inaingia."

Wakatawanyika wanacheka. Mjomba akafunga mlango, akauegemea. Akashuka mpaka chini, wakawa wameketi yeye na Elamine, huku na huku ya rundo la mhogo uliomwagika. Chini ya mhogo ule kulikuwa na kijimwanga; Elamine akaona, akanyoosha mkono aifukue betri yake, akakumbuka alipo, akaurudisha.

"Itoe," mjomba akamwambia. "Si mali yako?"

"Ndiyo, mjomba."

Safari hii mjomba hakumuuliza mjomba wa nani. Alikuwa anatazama kiganja chake, kimefanya malengelenge. "Hiyo yako," akasema bila kumtazama, "ningeikata mimi, isingenifanya hivi?"

"Isingekufanya kitu."

"Na za simu za watu, zile ninazolaza usiku pembeni ya mto wangu?"

"Zilizovimba tutazitoa leo, tuzitie ndani ya mchanga. Nitakusaidia."

Mjomba akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akamwambia mama, "Saoudat, mwite mtu wa kusoma fatiha."

"Fatiha ya nini?"

"Ya posa, mwanamke! Au unataka nimwombee dua ya maiti na yu hai?"

Koko Zahira akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Mama akaenda jikoni akidai anatafuta ubani, lakini ubani ulikuwa palepale kabatini. Mimi nikaleta maji, nikaanza kumwosha Elamine masizi usoni, taratibu, kwa sababu ngozi ilikuwa imeungua kidogo, na kwa sababu sasa niliruhusiwa.

"Nyusi itaota?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Itaota."

"Harusini nitakuwa na moja."

"Basi ule upande usio na nyusi utaugeuzia kwangu," nikamwambia, "na mimi nitauziba, watu watatuona tumetimia."